Kutoa kifuniko cha chuma kwenye pikapu ya gitaa: pasi, mashine au kisu?

Waya uliofichwa chini ya kifuniko cha pikapu ya hambaka, kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi za gitaa kuwa umeme, una unene wa milimita 0.06 hivi, sawa na unywele. Umezungushwa karibu mara 5,000 kwenye kila koili, na koili ziko mbili. Ukikatika mahali pamoja tu, pikapu inanyamaza, au inabaki na sauti nyembamba isiyo na nguvu.

Kifuniko chenyewe hakishikiliwi na kitu kikubwa. Kuna madonge mawili ya lehemu upande wa chini, moja kila upande mrefu, yanayounganisha ukingo wa kifuniko na bamba la chini la pikapu. Madonge hayo yakiachia, kinachobaki ni nta iliyomo ndani tu. Kwa hiyo usihangaike na swali la kama lehemu itatoka, maana itatoka kwa njia yoyote. Hangaika na hili: pasi ya kulehemu huufikia ule waya kwa joto, na mashine na kisu huufikia kwa makali. Unachochagua hasa ni hatari ipi mkono wako unaweza kuidhibiti.

Hakikisha kwanza pikapu yako ni ya aina hii

Maelezo haya ni ya hambaka ya kawaida, ile iliyobuniwa na Seth Lover kwenye kiwanda cha magitaa cha Gibson. Hataza yake iliombwa mwaka 1955 na kutolewa 1959. Pikapu ya shingoni ya gitaa aina ya Telecaster nayo ina kifuniko cha chuma, lakini hushikiliwa na vikucha vilivyokunjwa chini, na waya wake hukaa karibu mno na chuma. Usiitendee kama hambaka. Pikapu ya aina ya P-90 ina kifuniko cha plastiki kinachofunguliwa kwa bisibisi. Pikapu za EMG zenye betri zimejazwa gundi ngumu ndani, hakuna cha kufungua. Na kama kwenye hambaka yako ya bei nafuu unaona gundi ngumu inayong'aa pembeni mwa bamba badala ya nta laini, acha hapo hapo. Gundi ile imeshikana na koili, na kifuniko kikitoka kitatoka nazo.

Kuna pikapu nyingine ambayo haifai kuguswa hata kama unaweza kuifungua: Gibson ya zamani ambayo lehemu yake haijawahi kuguswa. Za kuanzia 1957 zilibandikwa karatasi ndogo nyeusi ya kueleza kwamba hataza imeombwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 karatasi hiyo ikabadilishwa na yenye namba ya hataza, ambayo kwa kweli ilikuwa ya kifaa cha kushikia nyuzi, si ya pikapu. Wanunuzi wa pikapu hizo hukagua lehemu kabla ya kitu kingine chochote. Lehemu ikikatwa, thamani imeshuka, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Vigezo tunavyotumia

Cha kwanza ni joto linaloingia ndani. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka karibu na nyuzijoto 183 hadi 190. Isiyo na risasi huhitaji 217 au zaidi. Nta ya ndani huyeyuka karibu na 60 tu, na plastiki ya bobini (kiunzi ambacho waya wa koili huzungushwa) hulegea muda mrefu kabla lehemu haijaanza kung'aa. Cha pili ni makali: kuna uwezekano gani wa kifaa kuteleza na kuingia kwenye koili au kukata waya wa kutolea sauti. Cha tatu ni hali ya kifuniko baada ya kazi, maana wengine watataka kukirudisha. Cha nne ni vifaa na uzoefu. Na cha tano, ambacho watu hukisahau, ni vumbi na moshi, kwa sababu lehemu nyingi za pikapu zina risasi.

Maandalizi, njia iwe yoyote

Pima pikapu kabla ya kuigusa. Weka mita ya umeme kwenye kiloohmu 20, gusisha ncha zake kwenye waya wa kati na ule wa ethi, andika namba. Hambaka ya mtindo wa zamani husoma kati ya 7 na 9. Zenye nguvu hufika 14, 16 na zaidi. Bila namba hii hutajua kama umeharibu kitu leo au kama kilikuwa kimeharibika tangu zamani.

Itoe pikapu kwenye gitaa kabisa. Kufanya kazi ikiwa imening'inia kwenye nyaya zake juu ya rangi ya gitaa ni kutafuta hasara mbili kwa mpigo mmoja. Funika uso wote wa pikapu kwa tepu ya karatasi, kisha ilaze kifudifudi juu ya taulo lililokunjwa. Waya wa kutolea sauti uvute upande mmoja na uubandike mezani kwa tepu, mbali na madonge yote mawili.

Njia ya kwanza: kuyeyusha lehemu kwa pasi

*Vifaa.* Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa kama patasi, upana wa milimita 3 au zaidi. Utambi wa shaba wa kunyonya lehemu wenye upana wa milimita 2.5 hadi 3, flaksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke) kidogo, na pampu ya kunyonya ikiwepo.

*Namna.* Weka pasi kati ya nyuzijoto 350 na 400. Paka flaksi kwenye donge, laza utambi juu yake, kandamiza ncha ya pasi juu ya utambi. Lehemu ikiyeyuka utaona utambi unabadilika kutoka rangi ya shaba kuwa ya fedha, kama kitambaa kinavyonyonya maji. Inua pasi na utambi kwa pamoja. Usizidishe sekunde 5. Subiri dakika moja au mbili hadi bamba liwe baridi kwa kidole, kisha rudia kwa kipande kipya cha utambi. Kwa kawaida donge moja huhitaji awamu tatu au nne. Baada ya hapo ingiza karatasi nyembamba ya plastiki kati ya ukingo wa kifuniko na bamba, uone kama mshono umeachia.

*Kinachoharibika.* Kosa kubwa hapa linashangaza wengi: ni pasi dhaifu. Mtu anachukua pasi ya wati 25 akidhani ni ya upole. Bamba la chini na kifuniko ni chuma kingi kinachonyonya joto, kwa hiyo pasi ndogo inakaa sekunde 30, 40, lehemu bado ngumu, na muda wote huo joto linaingia ndani. Nta inaanza kutoka pembeni, bobini inapinda, na viungo vidogo vya koili na waya wa kutolea sauti vinaweza kuachia vyenyewe. Pasi yenye nguvu inayogusa kwa sekunde 4 ni salama kuliko dhaifu inayong'ang'ania.

Kosa la pili ni la mazingira yetu. Mafundi simu wengi wana kipulizio cha hewa ya moto, na ukiwapelekea pikapu ndicho watakachokishika kwanza. Kataa. Hewa ile haichagui donge. Inachemsha pikapu nzima.

*Kifuniko baadaye.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Ukingo unabaki mzima, na kifuniko kinaweza kurudishwa kwa lehemu mpya bila alama ya maana.

*Inamfaa nani.* Anayelehemu mara kwa mara na mwenye pasi ya kudhibiti joto. Aliyeshika pasi mara moja au mbili tu maishani asijifunzie hapa.

Njia ya pili: kukata kwa mashine ndogo ya kuzungusha

*Vifaa.* Mashine ya mkononi ya aina ya Dremel, diski nyembamba ya kukatia yenye unene wa milimita 0.6 hivi, miwani ya kinga, barakoa, na jiliwa yenye midomo iliyofunikwa kwa mbao laini au ngozi.

*Namna.* Bana pikapu kwenye jiliwa kwa kiasi cha kuzuia isicheze tu. Ukiibana kwa nguvu unakunja kifuniko na kukisukuma kwenye koili. Weka mwendo wa chini au wa kati. Gusa donge kwenye mshono wenyewe, pale ukingo wa kifuniko unapokutana na bamba, kisha inua. Gusa tena, inua. Donge moja huisha ndani ya sekunde 10 hadi 20 za kugusa, ukijumlisha. Kina cha kukata kisizidi milimita moja. Bamba lenyewe lina unene wa milimita moja hivi, na ukilipita uko jirani na tepu ya koili.

*Kinachoharibika.* Diski ikigusa ukingo kwa pembe mbaya inaruka, na inaporuka huenda pale inapotaka: kwenye bamba, kwenye waya wa kutolea sauti, au kwenye vidole. Pumzisha viganja vyote viwili mezani kabla ya kuwasha mashine. Halafu kuna vumbi. Lina risasi, ni jepesi, na linaingia kwenye matundu ya skrubu za pikapu. Fanya kazi nje au penye hewa ya kutosha, futa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na nawa mikono kabla ya kula chochote. Mtoto mdogo asiwe karibu na meza hiyo.

*Kifuniko baadaye.* Ukingo unabaki na mikwaruzo miwili. Kikirudishwa, lehemu mpya itaiziba, lakini mtu anayejua atauona mkato.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkono uliozoea mashine hizi, aliye na pikapu kadhaa za kufungua, au mwenye lehemu isiyo na risasi ambayo pasi yake inashindwa kuiyeyusha haraka. Joto karibu halipo, na hilo ni jambo kubwa kwa bobini za zamani zinazolegea upesi.

Njia ya tatu: kukwangua kwa kisu

*Vifaa.* Kisu cha kukatia karatasi chenye makali ya kuvunjwa, upana wa milimita 18, makali mapya. Hicho tu, na subira. Msumeno mwembamba wa meno madogo, ule wa kazi za mbao ndogondogo, unaweza kuchukua nafasi yake.

*Namna.* Lehemu ya risasi ni laini. Makali mapya huitoa kwa maganda, kama kumenya karoti. Vuta kisu kufuata mshono, ukielekea mbali na mkono unaoshikilia pikapu, kwa nguvu ndogo. Tarajia mara 30 hadi 60 kwa kila donge. Badilisha makali yanapoanza kuteleza, maana kisu butu ndicho kinacholazimisha mtu kukandamiza, na kukandamiza ndiko kunakoleta ajali.

Kuna jambo moja la kulizoea kabla hujaanza. Sumaku ya pikapu iko juu tu ya bamba unalolikwangua, na skrubu sita zimetokeza nyuma yake. Ukisogeza kisu karibu utahisi ncha inavutwa upande, kama kuna mtu ameishika. Ukishtuka, kisu kinaangukia kwenye waya. Kisogeze mara tatu nne bila kukata, mkono uzoee mvuto huo kwanza.

*Kinachoharibika.* Kuchoka. Donge la kwanza hukatwa kwa uangalifu, la pili kwa haraka. Pia watu hukatisha kazi katikati: mshono umeachia kwa robo tatu, wanachomeka bisibisi na kukunjua. Bisibisi inapinda bamba, au inapenya ndani na kuchana tepu.

*Kifuniko baadaye.* Mikwaruzo midogo, mara nyingi upande wa ndani usioonekana.

*Inamfaa nani.* Asiye na pasi nzuri wala mashine, mwenye pikapu moja na jioni nzima. Watu huidharau njia hii kwa sababu ni ya polepole, lakini upole huo ndio unaokupa nafasi ya kuona unachofanya. Haifai kwa lehemu isiyo na risasi, ambayo ni ngumu zaidi na inamaliza makali upesi.

Njia ya nne: kutokitoa

Inastahili kupimwa kama zile nyingine, kwa sababu wengi wanaotaka kutoa kifuniko wana tatizo lenye dawa tofauti. Kama sababu yako ni mluzi mkali unaotokea ukisimama karibu na amplifaya, huenda kifuniko kinatetemeka kwa kuwa nta imekauka au haikuwepo tangu mwanzo. Kuzamisha pikapu nzima kwenye nta ya moto huponya hilo bila kukata kitu. Mchanganyiko uliozoeleka ni nta ya parafini, ile ya mishumaa, sehemu nne, na nta ya nyuki sehemu moja, kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, nyuzijoto 60 hadi 65, dakika 15 hadi 20 mpaka mapovu yaishe. Kamwe sufuria ya nta isikae juu ya moto wenyewe. Nta ikizidi joto inawaka, na kabla ya hapo bobini zimeshapinda.

Kama sababu ni sauti, ujue unachokinunua. Vifuniko vizuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, nikeli na zinki, na hupunguza sauti za juu kidogo sana. Vya shaba njano, ambavyo hupatikana kwenye pikapu nafuu, hupunguza zaidi, na hapo tofauti husikika wazi. Kwa upande mwingine kifuniko ni kinga: kimeunganishwa na ethi na huzuia sehemu ya mvumo wa taa na nyaya za umeme. Anayerekodi kwenye chumba chenye umeme mchafu ataikumbuka kinga hiyo.

Na kama ni mwonekano tu, ule ulioenea tangu wapiga gitaa wa Uingereza walipoanza kuvua vifuniko miaka ya 1960, pikapu zisizo na kifuniko huuzwa zikiwa hivyo tangu kiwandani.

Kukinyanyua kifuniko

Lehemu imetoka. Hapa ndipo pikapu nyingi hufa, tena mikononi mwa watu waliokwisha kumaliza sehemu waliyoiogopa.

Bandua tepu ya karatasi usoni. Angalia kama vichwa vya skrubu sita vinapita kwenye matundu ya kifuniko. Kwa kawaida vinapita. Visipopita, vifungue ukihesabu mizunguko ili uvirudishe kimo kile kile. Kisha pasha kifuniko kwa draya ya nywele, ukiipeleka huku na huku kwa sekunde 40 hadi 60. Unataka kifuniko kiwe cha vuguvugu kiasi cha kuweza kushikika, nta ya juu ilegee, ya ndani ya koili ibaki ngumu.

Shika kifuniko kwa ncha zake mbili fupi, na bamba kwa mkono mwingine. Vuta wima, ukitikisa kidogo sana kwa kufuata urefu wa pikapu. Usikiinue upande mmoja kwanza. Kikiinuka milimita 3 au 4, simama uchungulie kwa tochi pembeni: utaona tepu inayofunika koili, na mara nyingi nta imeigandisha kwenye ukuta wa kifuniko. Ukiona tepu inafuatana na kifuniko, rudisha chini, pasha tena, kisha pitisha kipande cha kadi nyembamba ya plastiki kati ya tepu na ukuta. Chini ya tepu hiyo ndiko zinakopita ncha za koili, zilizounganishwa na nyaya ndogo za kutolea sauti. Tepu ikichanika, ncha hizo ndizo za kwanza kukatika.

Kifuniko kikishatoka, pima tena. Namba ikiwa ile ile, au imepanda kidogo kwa sababu pikapu bado ina joto, kazi imekwisha. Mita ikionyesha mkondo haupiti, usivute wala usichokonoe. Funga kwenye kitambaa, mpelekee fundi anayesuka pikapu. Ncha iliyokatika nje ya koili inaweza kuunganishwa. Waya uliokatika katikati ya mizunguko maana yake koili isukwe upya.

Chagua kulingana na hali yako

Kama unataka kukirudisha kifuniko siku moja, au unataka kuiuza pikapu ikiwa safi, tumia pasi, mradi iwe na nguvu na uwe umezoea. Huna uzoefu huo lakini jirani yako ni fundi redio mwenye pasi nzuri? Mpelekee, ukimweleza mambo mawili tu: sekunde 5 kwa kila mguso, na hakuna hewa ya moto. Kuvuta kifuniko ukafanye mwenyewe.

Pikapu ina bobini za zamani, au hujui plastiki yake itastahimili nini? Epuka joto. Tumia kisu kama ni moja, mashine kama ni nyingi na mkono wako umeizoea.

Lehemu ni ngumu, haina risasi, na una mashine: kata. Huna mashine: pasi ya wati 60, au subiri uazime.

Unapiga jukwaani kesho? Usianze leo. Pikapu ikikatika hutakuwa na muda wa kutafuta nyingine. Na ukinunua kifuniko cha kubadilisha, pima kwanza umbali kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya sita. Vipimo vya kawaida ni milimita 49.2, 50 na 52, na cha 49.2 hakiingii kwenye pikapu ya 52 hata ukikilazimisha.